Kutoka kuuza kuni hadi umeya wa Chicago: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Anton Cermak

Wengi hulisikia jina la Anton Cermak kwa mara ya kwanza wanaposoma habari za risasi zilizofyatuliwa Miami mwaka 1933, mbele ya Rais mteule Franklin Roosevelt. Kumjua mtu kwa kifo chake ni kumwonea, hasa mtu ambaye miaka yake ya uhai ina mafunzo mengi kuliko siku zake za mwisho. Kwa hiyo majibu yaliyo hapa chini yanakaa zaidi kwenye namna mhamiaji aliyeuza kuni mitaani alivyozijumlisha jamii ndogondogo za jiji lake, zilizokuwa zikidharauliwa kila moja kwa wakati wake, mpaka zikawa nyingi kuliko waliozidharau.

Anton Cermak alikuwa nani?

Alikuwa mfanyabiashara na mwanasiasa wa chama cha Democratic, aliyekuwa meya wa Chicago tangu Aprili 1931 hadi alipofariki tarehe 6 Machi 1933, akiwa na umri wa miaka 59. Kabla ya hapo alikuwa mbunge wa jimbo la Illinois, diwani, na mwenyekiti wa bodi ya kaunti ya Cook, ambayo ndiyo kaunti lilimo jiji la Chicago. Chama alichokiunganisha hakijawahi kupoteza kiti cha umeya wa jiji hilo tangu siku aliyoshinda, na kila meya aliyemfuata mpaka leo ametoka katika chama hicho.

Alizaliwa wapi, na familia yake ilifikaje Marekani?

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1873 katika mji wa Kladno, eneo la Bohemia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya milki ya Austria na Hungaria na leo limo ndani ya Ucheki. Wazazi wake walimpatia jina la Antonín. Kladno ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na baba yake alikuwa mchimbaji. Mwaka 1874, mtoto akiwa bado wa kubebwa, familia ilivuka bahari na kwenda Illinois, ikaishia Braidwood, mji mwingine wa makaa ya mawe ulio kusini-magharibi mwa Chicago. Walibadilisha bara, lakini kazi ikabaki ileile.

Anton alisoma miaka michache tu kisha akaingia mgodini naye. Akiwa kijana wa chini ya miaka 20 alikuwa miongoni mwa walioongoza madai ya nyongeza ya ujira, na akafukuzwa kazi kwa sababu hiyo. Ndipo akaenda Chicago.

Ni kweli kwamba biashara yake ilianza na mkokoteni?

Ilianza na farasi na gari la kukokotwa. Kazi yake ya kwanza jijini ilikuwa kuhudumia farasi waliovuta magari ya abiria kwenye reli za mitaani, kwa hiyo alijua farasi anakula nini, anachoka saa ngapi, na anaweza kuvuta mzigo wa kiasi gani. Alipojiwekea akiba, alinunua farasi na gari lake, akaanza kukusanya mabaki ya mbao kutoka viwandani na kuyauza kama kuni katika mitaa ya Wacheki wenzake, eneo la Pilsen na baadaye Lawndale.

Anayeijua biashara ya kuni au mkaa hahitaji kuelezwa ugumu wake. Faida ni ndogo, mteja hununua kidogo kidogo, wengi hukopa, na muuzaji hulazimika kumkumbuka kila mtu kwa jina, deni lake, na siku anayopokea mshahara. Cermak alikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, nasi tunaamini kwamba ndiyo iliyokuwa mtaji wake wa kwanza wa siasa. Alipogonga mlango kuomba kura, mwenye nyumba alikuwa tayari anamjua kwa kuni.

Kutoka gari moja alifikia kampuni ya uchukuzi yenye makumi ya magari ya farasi. Kisha aliingia kwenye ununuzi na uuzaji wa nyumba na viwanja, bima, na uongozi wa taasisi za fedha za eneo la Lawndale zilizowakopesha wahamiaji pesa za kujenga. Lazima tuseme wazi kwamba aliendelea kupata mali huku akishika nyadhifa za umma, na kwamba mchanganyiko huo wa ofisi na biashara ulilalamikiwa hata wakati wake. Mtu aliyepanga ramani za maendeleo ya eneo mchana na kuuza viwanja vya eneo hilohilo jioni hawezi kuepuka maswali, na hatuoni sababu ya kumwondolea maswali hayo kwa kuwa tu alianzia chini.

Aliingiaje katika siasa?

Kwa kupitia mlango wa jirani. Alianza kama wakala wa chama katika eneo dogo la kupigia kura, kazi ambayo msomaji wa Tanzania anaweza kuifananisha na ya balozi wa nyumba kumi, ila huyu alipimwa kwa idadi ya kura alizoleta siku ya uchaguzi. Aliwatafsiria Wacheki wapya barua za serikali, akawasindikiza kuomba uraia, akawatafutia vibarua. Mwaka 1902 alichaguliwa kuingia katika bunge la Illinois, akiwa na umri wa miaka 29. Mwaka 1909 akawa diwani, kisha mwaka 1912 akachaguliwa kusimamia utekelezaji wa hukumu za mahakama ya jiji, ofisi ambayo ilikuwa na ajira nyingi za kugawa.

Hakushinda kila mara. Mwaka 1918 aligombea usherifu wa kaunti akashindwa. Mwaka 1928 aligombea useneta wa Marekani akashindwa na Otis Glenn. Katikati ya vipigo hivyo viwili alikuwa amechaguliwa, mwaka 1922, kuongoza bodi ya kaunti ya Cook, na hapo ndipo alipopata nguvu halisi, kwa kuwa bodi hiyo ilisimamia barabara, hospitali na misitu ya akiba iliyolizunguka jiji. Mwaka huohuo wa 1928 kiongozi wa chama mjini, George Brennan, alifariki, na Cermak akachukua hatamu.

Pombe ilihusika vipi na kupanda kwake?

Ilihusika sana, na asiyelielewa jambo hili hawezi kuielewa Chicago ya wakati huo. Kwa Wacheki, Wajerumani na Wapolandi, baa ya mtaani ilikuwa zaidi ya mahali pa kunywa. Jumapili, siku pekee ya mapumziko kwa mfanyakazi wa kiwandani, familia nzima zilikwenda kwenye kumbi na bustani za bia, vyama vya kuzikana vilifanya mikutano humo, harusi zilichezwa humo, na habari za kazi zilipatikana humo. Wenyeji wa Kiprotestanti waliotaka kufunga baa Jumapili waliona wanapambana na ulevi, na wahamiaji waliona wanafungiwa ukumbi wao wa jamii.

Mwaka 1907 Cermak alikuwa katibu wa muungano wa vyama vya wahamiaji uliopinga sheria hizo. Muungano huo ulikuwa na mamia ya vyama vidogo ndani yake: waimbaji, wanasarakasi, wapiga tarumbeta, vyama vya kusaidiana katika misiba. Meya William Hale Thompson alipoamuru baa zifungwe Jumapili mwaka 1915, maelfu kwa maelfu ya wanachama wake waliandamana katikati ya jiji. Pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima kuanzia 1920, Cermak alibaki mpinzani wa wazi wa sheria hiyo, asiyebadili kauli kulingana na anayemsikiliza.

Kilichokuwa na thamani kubwa kuliko bia yenyewe ni kwamba Mjerumani na Mpolandi, ambao huko Ulaya walikuwa hawapatani, walijikuta wameketi meza moja Chicago wakijadili jambo moja, na katibu anayeandika kumbukumbu za kikao alikuwa mwana wa mchimba makaa kutoka Kladno.

Thompson alimtukana kwa maneno gani katika uchaguzi wa 1931, na Cermak alijibu nini?

Thompson, wa chama cha Republican, alikuwa mzaliwa wa Boston, mtoto wa familia tajiri, aliyekuwa meya tangu 1915 hadi 1923 na tena tangu 1927. Jiji lilikuwa linajiandaa kwa Maonyesho ya Dunia yaliyopangwa kufanyika 1933, na Thompson aliliona jina la mpinzani wake kuwa silaha. Majukwaani alilivurugavuruga kwa makusudi, akilitamka kwa namna tatu au nne kana kwamba haliwezi kukaa mdomoni, akamwita kwa neno la kuwadharau watu wa Bohemia, akasema hatakubali kukaa nyuma ya mtu wa namna hiyo. Akamwimbia kama mtu anayemfukuza mchuuzi barabarani: Tony, Tony, mkokoteni wako uko wapi? Akauliza wasikilizaji kama wanaweza kumpiga picha akilini meya wa Maonyesho ya Dunia mwenye jina kama hilo.

Cermak alijibu kwa utulivu. Alisema kwamba Thompson halipendi jina lake, na kwamba ni kweli yeye hakuja kwa meli ya Mayflower, ile iliyowaleta walowezi wa Kiingereza mwaka 1620, lakini alikuja mapema kadiri alivyoweza.

Tunalirudia jibu hilo kila tunapoulizwa habari zake, kwa sababu lina heshima ndani yake na halina chembe ya kujikana. Hakusema kwamba yeye si mgeni. Hakudai kwamba mkokoteni haukuwapo. Alichukua kipimo cha Thompson mwenyewe, cha nani alitangulia kufika, akakionyesha kuwa hakina maana: wote walikuja kwa meli, tofauti ni mwaka tu. Na katika jiji la watu zaidi ya milioni 3.3 ambalo takribani robo yao walizaliwa nje ya Marekani, na wengine wengi walikuwa watoto wa waliozaliwa nje, tusi lililomlenga Mcheki mmoja lilitua kwenye kila nyumba yenye jina gumu kutamka. Mpolandi aliyecheka jina la Cermak ilimlazimu kwanza asahau lake.

Alishinda kwa kura ngapi, na hesabu yake ilikuwaje?

Tarehe 7 Aprili 1931 Cermak alipata kura 671,189 na Thompson 476,922. Ni tofauti ya kura zaidi ya 194,000.

Kabla yake chama cha Democratic mjini kilikuwa mikononi mwa Waayalandi, nao walikuwa na makundi yanayogombana wenyewe kwa wenyewe. Walizungumza Kiingereza, walifika mapema, walizijua siasa, na waliwachukulia wahamiaji waliokuja baadaye kama watu wa kupiga kura tu. Cermak hakuwafukuza. Alimweka Patrick Nash, Mwayalandi, karibu naye, akamweka Jacob Arvey, Myahudi wa Lawndale, na akahakikisha kwamba orodha ya wagombea wa kila uchaguzi ina jina la Kipolandi, la Kijerumani, la Kicheki, la Kiyahudi na la Kiayalandi, kila moja mahali ambapo litaleta kura. Wacheki peke yao wasingemfikisha popote, kama ambavyo Walithuania au Waitalia wasingefika peke yao. Kidole kimoja hakivunji chawa, naye alikuwa na subira ya kuvikusanya vidole kwa miaka 25.

Je, kila jamii ilipata nafasi mezani kwake?

Hapana, na hili lisifichwe. Wamarekani Weusi wa upande wa kusini wa jiji walikuwa wamekishikilia chama cha Republican, chama cha Abraham Lincoln, rais aliyepiga vita utumwa, na walimuunga mkono Thompson kwa sababu aliwapa ajira za serikali na kuwasikiliza. Mwaka 1928 walikuwa wamempeleka Oscar De Priest katika Bunge la Marekani, Mweusi wa kwanza kuchaguliwa huko kutoka majimbo ya kaskazini. Cermak alipoingia ofisini, watumishi Weusi wa jiji walipoteza kazi kwa wingi, na polisi wakaanza kuvamia michezo ya bahati nasibu katika mitaa yao kwa ukali ambao haukuonekana kwingineko. Ujumbe ulieleweka: hamieni chama changu ndipo mtapumua.

Inauma kuona mtu aliyedharauliwa kwa asili yake akitumia mkono wa serikali kuwabana watu wengine waliodharauliwa kwa ngozi yao. Muungano wake ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulipita katikati ya jiji.

Alilikuta jiji katika hali gani?

Lilikuwa halina fedha hata za kulipa mishahara. Mdororo mkubwa wa uchumi ulikuwa umefunga viwanda, lakini Chicago ilikuwa na balaa lake la ziada. Mwaka 1928 mamlaka za jimbo ziliamuru mali zote zilizo ardhini zithaminiwe upya, kwa kuwa tathmini za zamani zilijaa upendeleo. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na wakati inaendelea bili za kodi hazikutoka. Zilipotoka hatimaye, uchumi ulikuwa umeshaanguka, na wenye nyumba waliojipanga katika chama chao waligoma kulipa na kwenda mahakamani.

Waliolibeba balaa hilo zaidi ni walimu. Kwa miezi mingi hawakupata mshahara kabisa, na mara nyingine walipewa vyeti vya ahadi badala ya pesa. Hebu mwazie mwalimu akisimama kwenye kaunta ya duka na karatasi iliyoandikwa kiasi kamili cha haki yake, na muuza duka akikataa kuipokea, au akikubali kuipokea kwa thamani pungufu, huku kesho asubuhi darasa likimsubiri. Walimu hao waliendelea kufundisha, na wengine walikuwa wakiwalisha wanafunzi kutoka mifukoni mwao.

Cermak alipunguza bajeti, akawaondoa watumishi wa muda walioingizwa na Thompson, na akapambana na mgomo wa kodi. Haikutosha. Mwaka 1932 alikwenda Washington na kuiambia Kamati ya Bunge bila kuzunguka kwamba serikali kuu ichague kati ya kutuma dola milioni 150 za kusaidia wasio na kazi sasa, au kutuma wanajeshi baadaye. Walimu wa Chicago walilipwa malimbikizo yao mwaka 1934, kwa mkopo wa serikali kuu, wakati yeye alikuwa ameshazikwa.

Kwa nini alikuwa Miami siku aliyopigwa risasi?

Alikwenda kutafuta suluhu. Katika mkutano mkuu wa chama, uliofanyika Chicago mwaka 1932, Cermak alimuunga mkono Al Smith, mpinzani wa Roosevelt katika kuwania uteuzi wa mgombea urais, na Roosevelt akashinda uteuzi huo katika raundi ya nne bila msaada wake. Jiji lililofilisika haliwezi kumudu kununiana na Rais ajaye. Kwa hiyo Roosevelt alipofika Miami akitoka mapumzikoni baharini, Cermak alikuwapo akimngojea.

Usiku wa tarehe 15 Februari 1933, katika bustani ya Bayfront, Roosevelt alihutubia kwa muda mfupi sana akiwa amekaa juu ya mgongo wa kiti cha gari la wazi. Alipomaliza, Cermak alisogea karibu na gari wakasemezana. Kwenye umati, Giuseppe Zangara, fundi mwashi asiye na kazi, mwenye kimo cha kama sentimita 152, alikuwa amepanda juu ya kiti kinachoyumba ili aone mbele. Alifyatua risasi tano kutoka kwenye bastola aliyoinunua kwa dola 8 katika duka la rehani, na watu watano wakajeruhiwa. Roosevelt hakuguswa. Alizuia gari lake lisikimbizwe, akaagiza Cermak aingizwe ndani, na akamshikilia njia nzima hadi hospitali akimsihi atulie asijitikise.

Cermak aliugua kwa siku 19. Alifariki siku mbili baada ya Roosevelt kuapishwa. Madaktari wamebishana tangu wakati huo kama kilichomuua ni jeraha lenyewe au ugonjwa wa utumbo uliokuwamo mwilini mwake, lakini mahakama haikusita: Zangara aliuawa kwa kiti cha umeme tarehe 20 Machi 1933.

Je, aliyelengwa alikuwa Cermak badala ya Roosevelt?

Dhana hiyo inapendwa kwa sababu Chicago ilikuwa mji wa magenge. Desemba 1932 polisi wa jiji walimpiga risasi Frank Nitti, mrithi wa kiongozi wa genge Al Capone, ndani ya ofisi yake, na baadhi ya watu husema Miami kilikuwa kisasi. Sisi hatuikubali. Zangara mwenyewe alisema tena na tena kwamba aliwachukia wafalme na marais, na maumivu ya tumbo aliyoyabeba tangu utotoni aliyalaumu kwa matajiri waliomtumikisha. Mtu anayetumwa na genge hapelekwi peke yake kwenye umati, kwenye giza, juu ya kiti kinachoyumba, na bastola ya dola 8. Zangara naye alikuwa mhamiaji, mzaliwa wa Calabria nchini Italia, aliyeingia Marekani mwaka 1923.

Ni kweli alimwambia Roosevelt kwamba anafurahi kupigwa risasi yeye badala yake?

Maneno hayo yamechongwa kwenye kaburi lake katika makaburi ya kitaifa ya Wacheki mjini Chicago, na magazeti ya wakati huo yaliyachapisha. Wanahistoria wengi wanaamini yalitungwa na mwandishi wa habari. Maumivu aliyokuwa nayo hayamwachi mtu atunge sentensi nzuri, na jibu lake kuhusu meli ya Mayflower, alilolitoa akiwa mzima, linamwakilisha vizuri zaidi.

Aliacha familia?

Mke wake, Mary, alifariki mwaka 1928. Walikuwa na mabinti watatu. Mmoja wao, Helena, aliolewa na Otto Kerner, aliyekuwa gavana wa Illinois tangu 1961 hadi 1968.

Jina lake hutamkwaje, na ni lake lile la barabara?

Kwa Kicheki huandikwa Čermák na husomwa kwa sauti ya "ch", Chermak. Wakazi wengi wa Chicago husema Sermak. Baada ya kifo chake, mtaa wa 22, unaokata jiji kutoka karibu na ziwa kwenda magharibi na kupita Pilsen na Lawndale alikouza kuni, ulibadilishwa jina na kuwa barabara ya Cermak. Anayepanda treni ya njia nyekundu leo husikia jina hilo likitangazwa kwenye kituo cha Cermak-Chinatown, mahali ambapo abiria wengi wanaoshuka majina yao ni ya Kichina.